Mbegha: Mtoto Aliyehitaji Kimbilio

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 2:1–10, 2 Wafalme 11:1–3, Waamuzi 11:1–11, Hesabu 35:9–15, Kumbukumbu la Torati 10:17–19, Mathayo 2:13–15, Mathayo 25:31–46.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 10:19. Likariri kutoka katika Biblia yako mwenyewe, kisha mfundishe mtoto mmoja nyumbani kwako.

Barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni. Kutoka Soni njia nyingine huelekea Bumbuli, na katika milima hiyo hiyo ndipo ulipo Vuga, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Usambara kwa zaidi ya miaka 100. Ni vigumu kumpata Msambaa ambaye hajasikia habari za mfalme wa kwanza wa Vuga. Jina lake ni Mbegha, na aliishi katika karne ya 18.

Kwa muda mrefu habari za Mbegha zilisimuliwa kwa mdomo, wazee wakiwapa vijana. Baadaye Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kuishi katika majumba ya watawala wa Usambara, aliziandika kwa Kiswahili, nayo misheni ya Magila ikazichapa. Kwa kuwa ni mapokeo, wasimulizi hutofautiana hapa na pale, lakini mambo makuu wote hukubaliana.

Mbegha hakuyajua Maandiko. Alikuwa mwindaji, tena mtu wa dawa na hirizi, kama wengi wa wakati wake. Hatujifunzi habari zake ili tuige dini yake. Tunajifunza kwa sababu mara tatu katika maisha yake alihitaji kimbilio: akiwa mtoto mchanga, akiwa kijana yatima, na akiwa mtu anayekimbia kisasi. Mara zote tatu alipata watu waliomfungulia mlango. Kisha tutaangalia jambo la kuhuzunisha, yaani jinsi uzao wa mtu huyu ulivyosahau kwamba baba yao alikuwa mkimbizi, na watoto wa wengine wakalipia usahaulifu huo.

Leo nchi yetu ina watoto wengi waliokimbia vita na ukatili, wengine wakiwa peke yao. Neno la Mungu linatuuliza tunafanya nini nao.

JUMAPILI: Meno ya Juu

Soma Kutoka 2:1–10 na 2 Wafalme 11:1–3. Ni nani waliomwokoa Musa? Ni nani aliyemwokoa Yoashi? Kila mmoja wao alijiweka katika hatari gani?

Mbegha alizaliwa Nguu, nchi ya milima iliyo kusini ya Mto Pangani. Akiwa mtoto mchanga, meno yake ya juu yaliota kwanza. Kwa watu wa siku zile jambo hilo lilikuwa hukumu. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na iliaminika kwamba akiachwa hai ataleta mikosi na vifo katika ukoo. Desturi ilitaka auawe.

Wazazi wa Mbegha hawakumtoa. Mapokeo yanasema walimpenda, wakamlea hata akakua. Sisi tunaosoma leo tunaweza kulipita jambo hili haraka, lakini tufikiri kidogo. Wazazi hao waliishi katikati ya ukoo ulioamini kwamba mtoto yule ni kifo kinachotembea. Kila ng'ombe aliyekufa, kila mvua iliyochelewa, kila ugonjwa ulioingia kijijini, macho yaligeukia nyumba yao. Hata hivyo walimficha mtoto wao chini ya upendo wao.

Hofu hii haikuwa ya Nguu peke yake. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, ukitazama kutoka Usambara, iko milima ya Upare. Huko, karibu na Mbaga, upo mwamba uitwao Malameni, ambapo wenyeji husimulia kwamba watoto waliohesabiwa kuwa na mkosi waliuawa. Mwezi Novemba 1903 wamisionari Waadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo chao cha kwanza katika nchi yetu huko Giti, Upareni. Injili ya Sabato na ya kuja kwa Yesu ilifika kwanza, basi, katika milima ambayo wazazi wengi walikuwa wakiwaogopa watoto wao wenyewe.

Biblia nayo inajua habari za mtoto aliyehukumiwa kabla hajatenda lolote. Farao aliamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni. Yokebedi alimficha mwanawe miezi mitatu. Alipoona hawezi tena, alitengeneza kisafina, akamweka Miriamu kuangalia, na binti Farao akamaliza kazi. Huko Yuda, Athalia alipowaua wana wa mfalme, Yehosheba alimwiba Yoashi na kumficha hekaluni miaka sita.

Angalia jambo moja katika habari hizi. Upendo wa mama ndio mwanzo, lakini hautoshi. Yokebedi alifika mwisho wa uwezo wake baada ya miezi mitatu. Ilibidi mtu mwingine, hata wa kabila lingine na dini nyingine, afungue mkono wake. Mtoto anayewindwa huhitaji zaidi ya nyumba moja.

Tafakari: Katika eneo lako ni watoto gani ambao watu huwaogopa au kuwaona kuwa ni mkosi? Je, kuna mzazi anayebeba mzigo wa mtoto kama huyo peke yake wakati kanisa linatazama tu?

JUMATATU: Kijana Asiye na Urithi

Soma Waamuzi 11:1–3. Kwa nini ndugu zake Yeftha walimfukuza? Ni nini walichokuwa wanakilinda?

Maadamu wazazi wake walikuwa hai, Mbegha alikuwa salama. Kisha wakafa. Akafa pia ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa tegemeo lake. Mali ilipogawanywa, jamaa walimnyima sehemu yake. Wakalikumbuka lile jina la zamani. Walisema yeye ni kigego, na kwamba vifo vyote vile vilitoka kwake.

Hapa mapokeo yanatufunulia jinsi jina baya linavyofanya kazi. Miaka yote ile lilikuwa limelala. Hakuna aliyelitaja mbele ya baba yake. Siku ulinzi ulipoondoka, na mali ikawa mezani, jina likaamka. Walisema wanaogopa mkosi, lakini mikono yao ilikuwa kwenye urithi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Yeftha. Ndugu zake walimfukuza Gileadi wakitaja asili ya mama yake, na Maandiko hayafichi kwamba hoja yenyewe ilikuwa nyumba ya baba yao na nani atakayeirithi. Yeftha alikimbilia nchi ya Tobu. Mbegha alichukua mikuki yake na mbwa wake wa kuwindia, akaondoka Nguu. Hakuondoka kwa kupenda safari. Aliondoka kwa sababu kubaki nyumbani kulikuwa hatari.

Hata leo mtoto akionekana njiani peke yake, watu huuliza haraka ametoroka nini, kana kwamba kosa ni lake. Mara nyingi jibu ni lile lile la Nguu. Mlinzi wake amekufa. Shamba la marehemu limegawanywa. Mtoto ameitwa mchawi, au mzigo, au mtoto wa mwanamke fulani. Wapo waliokimbia bunduki, na wapo waliokimbia fimbo na maneno ya jamaa zao wenyewe. Wote wawili wamekimbia ukatili.

Mungu alijua hatari hii. Ndiyo maana katika sheria aliyompa Musa, yatima, mjane na mgeni hutajwa pamoja tena na tena (Kumbukumbu la Torati 24:17–21). Hao watatu hufanana kwa jambo moja: hakuna mwanamume mwenye nguvu anayesimama mlangoni kwa ajili yao. Kwa hiyo Mungu mwenyewe anasema atasimama.

Tafakari: Msiba unapotokea katika familia ya washiriki wa kanisa lenu, baada ya matanga nani hufuatilia haki ya watoto waliobaki? Je, kuna mzee wa kanisa au shemasi aliyepewa kazi hiyo?

JUMANNE: Damu Isiyokusudiwa

Soma Hesabu 35:9–15 na Kumbukumbu la Torati 19:1–10. Miji ya makimbilio iliwekwa kwa ajili ya nani? Je, mgeni aliruhusiwa kuikimbilia?

Mbegha alifika mahali paitwapo Kilindi. Huko alipokewa vizuri. Mtoto wa mkuu wa mji alimpenda, wakawa marafiki, na vijana wengine wa Kilindi wakajiunga nao kwenda mawindoni. Kwa mara ya kwanza tangu wazazi wake wafe, alikuwa na watu wa kwake. Alilipenda jina la mahali pale kiasi kwamba uzao wake wote baadaye uliitwa Wakilindi. Na wilaya ya Kilindi katika Mkoa wa Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2002, inabeba jina hilo hata leo.

Siku moja walikwenda kuwinda nguruwe mwitu. Katika purukushani, nguruwe alimjeruhi yule mtoto wa mkuu, akafa. Mbegha hakuwa amemuua. Lakini yeye ndiye mwindaji mgeni, yeye ndiye aliyewaongoza vijana porini, na nyumbani kwake Nguu alikuwa tayari na jina la mleta vifo. Nani angemsikiliza? Vijana waliokuwa pamoja naye nao waliogopa kurudi kwa mkuu wao bila mtoto wake. Wote wakakimbia pamoja.

Sheria ya Musa ililiona jambo hili. Mtu aliyesababisha kifo bila kukusudia aliweza kuwahi mji wa kimbilio kabla ya mlipiza kisasi kumfikia. Miji hiyo ilikuwa sita, mitatu kila upande wa Yordani, ili isiwe mbali na mtu yeyote. Njia zake zilitakiwa kutengenezwa. Tena haikuwa ya Waisraeli tu, bali na ya mgeni anayekaa kati yao. Aliyefika alisikilizwa kwanza, ndipo akahukumiwa.

Si kila anayekimbia ana habari nyepesi ya kusimulia. Wapo vijana waliovuka mipaka yetu baada ya kulazimishwa kubeba silaha. Wapo walioona mambo ambayo hawawezi kuyataja. Wapo wanaobeba lawama ya kifo ambacho hawakukisababisha. Mtoto wa namna hiyo akinyamaza, au akibadilisha maelezo yake, wengi humhesabu mwongo. Utaratibu wa Mungu ulikuwa tofauti: usalama kwanza, kisha maswali, kisha haki. Tukigeuza mpangilio huo, mtoto hufa njiani wakati sisi tunachunguza.

Tafakari: Inawezekanaje kumpa mtu usalama kabla ya kujua ukweli wote juu yake, bila kupuuza haki ya walioumizwa? Mpangilio wa Hesabu 35 unatusaidiaje?

JUMATANO: Moshi wa Zirai

Soma Waamuzi 11:4–11 na Mathayo 2:13–15. Yesu alipokuwa mtoto, ni nchi gani iliyompa kimbilio? Misri ilikuwa na sifa gani kwa Myahudi?

Mbegha na wenzake walivuka kwenda kaskazini, wakaingia Usambara na kupiga kambi katika vilima vya Zirai. Wenyeji waliuona moshi wa kambi yao. Tuwaze jinsi moshi huo ulivyoonekana kwa mkulima wa Kisambaa: wanaume wageni, wenye mikuki na mbwa, wamejificha msituni.

Wangeweza kuwafukuza. Badala yake walikwenda kuwaona. Wawindaji walikuwa na nyama nyingi na hawakuwa na unga. Wakulima walikuwa na vyakula vya shamba, lakini nyama ilikuwa adimu kwao, tena nguruwe mwitu walikuwa wakiharibu mashamba yao. Wakaanza kubadilishana. Wenyeji walitaka kujua mgeni huyu ni nani na kwa nini ametoka kwao, na maneno yakafuatana na chakula. Hatua kwa hatua hofu ikapungua.

Habari zikafika Bumbuli. Watu wa Bumbuli wakamkaribisha akae kwao, wakamletea na magomvi yao ili awaamue, kwa kuwa mgeni asiye na ukoo pale hakuwa na upande. Wakampa mke, na mwanawe Buge ndiye aliyekuja kumrithi. Baadaye watu wa Vuga nao wakamwita. Huko, mapokeo yanasema, alimuua simba, na tangu hapo akaitwa Simba Mwene, jina ambalo wafalme wa Usambara waliendelea kulibeba. Kijana aliyenyimwa shamba la baba yake Nguu akawa mtawala wa milima.

Kama Yeftha, aliyefukuzwa akawa mwenye kutafutwa. Watu wa Usambara walikuwa na sababu ya kuelewa. Milima hii imewahi kupokea wengine pia. Wambugu, wafugaji wanaoishi kati ya Wasambaa, husimulia kwamba wazee wao walitoka mbali kaskazini wakikimbia vita.

Hata hivyo tujihadhari na fundisho lisilo sahihi. Mtu anaweza kusema: tuwapokee watoto wakimbizi, huenda mmoja wao atakuwa mtu mkubwa. Watu wa Zirai hawakujua kwamba wanampelekea unga mfalme. Waliona watu wenye njaa. Na katika Mathayo 25, wale wa mkono wa kuume hushangaa, kwa sababu hawakujua kwamba mgeni waliyemkaribisha alikuwa Mfalme. Wangejua, ingekuwa biashara. Watoto wengi tutakaowalinda hawatakuwa na cheo chochote. Watakua, wataoa na kuolewa, watalima, watalipa ada za watoto wao. Hilo linatosha.

Yosefu na Mariamu walipofika Misri na mtoto mdogo, huenda yuko jirani aliyewapa maji. Biblia haimtaji. Misri ilikuwa nchi ya utumwa wa baba zao, lakini siku ile ndiyo iliyokuwa salama, na Yudea ya Herode ndiyo iliyokuwa hatari.

Tafakari: Kati ya kumpa mgeni chakula, kumpa kazi ya kufanya, na kumwamini aamue mambo pamoja nanyi, ni hatua ipi iliyo ngumu zaidi kwa kanisa lenu? Kwa nini?

ALHAMISI: Nyumba Iliyosahau

Soma Kumbukumbu la Torati 10:17–19 na Kutoka 22:21–24. Mungu alitoa sababu gani ya kumpenda mgeni?

Uzao wa Mbegha ulitawala vizazi vingi. Aliyejulikana sana ni Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Kimweri alikufa mwaka 1862, na baada yake ndugu wa nyumba ile wakaanza kupigana. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini ya milima, mahali misafara ilipopita. Kutoka huko alipata bunduki na baruti kwa urahisi. Bunduki zililipiwa kwa watu. Waliotekwa katika vita vya Wakilindi waliteremshwa pwani wakauzwa, wanawake na watoto wakiwa wengi kati yao.

Hapa tusimame. Nyumba hii ilianzishwa na mtoto ambaye wazazi wake walikataa kumtoa. Ilijengwa na yatima aliyenyimwa urithi na mgeni aliyepewa unga na watu wasiomjua. Baada ya vizazi vichache, katika nyumba hiyo hiyo, watoto wa Wasambaa waligeuzwa kuwa bei ya baruti. Hawakulisahau jina la Mbegha. Walilitaja kwa fahari kila mfalme mpya alipotawazwa. Walikumbuka simba, wakasahau kambi ya Zirai.

Mungu aliwaonya Israeli juu ya usahaulifu wa namna hii. Alipowaagiza kumpenda mgeni, alitoa sababu moja: wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Kutoka 22 huongeza onyo zito kwa taifa litakalowatesa wajane na yatima. Ulinzi wa mtoto mgeni umejengwa juu ya kumbukumbu. Familia, kabila au kanisa linaloacha kusimulia jinsi lilivyopokewa, halitakawia kufunga mlango.

Upande wa pili wa Mto Pangani, katika nchi za Uzigua zinazopakana na Nguu alikotoka Mbegha, kuna habari nyingine ya kumbukumbu. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga Wazigua. Wengi walishuka pwani kutafuta chakula, wakaishia kupakiwa majahazini na kupelekwa Somalia kuwa watumwa. Wajukuu zao walikaa huko katika bonde la Mto Juba zaidi ya miaka 150, na wengi hawakuiacha lugha yao ya Kizigua. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, walikimbia mauaji, na baadhi yao wakaja Tanzania pamoja na watoto wao, kama wakimbizi katika nchi ya babu zao. Makazi ya Chogo yalifunguliwa kwa ajili yao huko Handeni mwaka 2003, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya watu 1,500 walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania.

Lugha waliyoitunza watu hao ilifanya kazi ambayo Wakilindi waliacha kuifanya. Ilikumbusha pande zote mbili kwamba mgeni huyu ni ndugu.

Tafakari: Familia yako ilifikaje mahali ilipo leo? Nani aliwapokea wazee wenu? Wasimulie watoto wako Sabato hii.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Katika masimulizi yake ya maisha ya Musa, Ellen G. White anaeleza kwamba Yokebedi alikaa na mwanawe mpaka alipokuwa na umri wa miaka kama 12, na kwamba mafunzo ya miaka hiyo michache ndiyo yaliyomshika katika jumba la Farao. Mama huyo alijua muda ni mfupi. Vivyo hivyo, mtoto mkimbizi anaweza kupita kwetu kwa muda mfupi tu kabla ya kupelekwa kwingine au kurudi kwao. Alichokipata kwetu atakwenda nacho.

Tunayo mambo ya kufanya katika nchi yetu. Katika Mkoa wa Kigoma, kambi za Nyarugusu na Nduta zimepokea familia kutoka Kongo na Burundi, na kati yao wamo watoto waliofika bila wazazi. Watoto kama hao hupokewa na familia nyingine za wakimbizi, watu wasio na kitu ambao hugawana mgawo wa chakula chao. Hao ni watu wa Zirai wa siku zetu.

Karibu zaidi na Lushoto, wapo watoto wanaoshuka kutoka milimani kwenda Tanga na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Wengine wamepelekwa na watu wanaojiita wasaidizi. Kumchukua mtoto kimyakimya, kumwachisha shule na kumfanya mtumishi wa nyumbani si kumpa kimbilio, hata kama analala ndani na anakula. Kimbilio la kweli linajulikana. Kwa hiyo ukimpata mtoto aliye peke yake, mpe kwanza chakula na mahali salama. Usimlazimishe kusimulia yote. Kisha toa taarifa kwa serikali ya kijiji au mtaa, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ili aandikishwe na jamaa zake watafutwe. Namba 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa pale haki za mtoto zinapovunjwa. Kukaa kimya kwa kuogopa majirani ni kurudi Nguu.

Tunaosubiri kuja kwa Yesu tunakiri kwamba sisi ni wageni na wasafiri duniani (Waebrania 11:13–16). Mji tunaoutazamia una malango yasiyofungwa (Ufunuo 21:25). Haitafaa tufike kwenye malango hayo tukiwa tumezoea kufunga ya kwetu.

Maswali ya Kujadili:

1. Wazazi wa Mbegha walipinga desturi ya ukoo wao bila kuwa na Biblia. Warumi 2:14, 15 inatusaidiaje kueleza jambo hilo? Linatuaibisha vipi sisi tulio na Biblia?

2. Mara tatu Mbegha alipata kimbilio: kwa wazazi, kwa rafiki, na kwa wageni. Kanisa linaweza kuwa lipi kati ya hayo kwa mtoto aliyekimbia ukatili? Toa mfano wa jambo linaloweza kufanyika katika muda wa robo hii.

3. Wengine husema kwamba kuwalinda wageni ni kazi ya serikali na mashirika, na kanisa lihubiri tu. Mkisoma Mathayo 25:31–46, mtawajibuje?

4. Jadilini tofauti kati ya kumlea mtoto wa jamaa au mgeni na kumtumikisha. Ni dalili gani zitakazolionyesha darasa lenu kwamba mtoto anayeletwa kanisani na mwajiri wake anahitaji msaada? Mtazungumza naye nani, na kwa njia gani isiyomhatarisha?

5. Wakilindi walikumbuka simba wakasahau kambi. Katika historia ya kanisa letu hapa nchini, tangu Giti mwaka 1903, ni mambo gani tunayapenda kuyasimulia, na ni fadhili zipi za wenyeji waliowapokea wajumbe wa kwanza ambazo tumeacha kuzisimulia?